Nunu wa Nani

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za majini na masultani, nasema zamani za juzijuzi ambazo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mtaa huko Tanga ukiitwa Magunia, kwa sababu karibu kila mlango ulikuwa duka la nafaka. Na penye nafaka pana panya, hilo sina haja ya kuwafundisha. Lakini panya wa Magunia walikuwa na adabu, na sababu ya adabu yao ilikuwa paka mmoja tu, jike la kijivu lenye sikio lililochanika. Jina lake Nunu.

Nunu alikuwa paka wa Bi Mwatime, muuza mchele. Bibi huyo alimwokota mtaroni macho hayajafumbuka, akamnywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa mpaka akasimama. Bi Mwatime mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Waume walikuja, waume wakaenda, na duniani hapakuwa na kiumbe hata kimoja kilichoitwa "wa Mwatime" ila paka huyo. Watu wakimwona Nunu anapita juu ya ukuta na panya mdomoni, husema, "Huyo, Nunu wa Mwatime." Bi Mwatime huko ndani, mkono kwenye mizani, kichwa huinuka chenyewe. Mchele wa mteja aliyekuwapo wakati huo huongezwa kiganja kimoja. Chekeni tu, lakini kila mmoja wenu ana kitu kinachomwinua kichwa.

Sasa mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Watoto wa Nunu walikuwa wakiposwa. Ndiyo, wakiposwa, tena wangali tumboni. Mwenye kumtaka mtoto wa Nunu huja na kitu mkononi, sukari au mche wa sabuni, anakaribishwa mkekani, anasema maneno mazuri, anapewa zamu. Mzee Shemweta wa ghala la mahindi, mtu ambaye mkono wake ukiingia mfukoni hutoka mtupu kama ulivyoingia, alileta doti nzima ya kanga. Mtaa haukuwa na habari nyingine kwa siku kadhaa.

Zamu ya Mzee Shemweta ilipofika, mtoto akakwama. Daktari Nasra wa kliniki ya mifugo ya barabara kuu alimvuta akatoka amekufa, na mama mtu akaponea chupuchupu. Daktari akanawa mikono, akamgeukia Bi Mwatime akamwambia, "Huyu akishika mimba nyingine, utamzika. Mfunge kizazi."

Bi Mwatime ni mfanyabiashara, hanunui gunia bila kulichoma bambo kuona kilichomo. Akaketi akauliza. Daktari akamweleza kwamba njia ziko mbili. Kuna siku mabwana mifugo wanakuja kiwanjani na meza zao, wanafunga vizazi vya paka na mbwa kwa bei anayoiweza kila mtu, na jioni unarudi na mnyama wako kikapuni. Kazi yao safi, kwa paka kijana mwenye afya hata yeye huwapeleka huko. Lakini Nunu si kijana tena, na kizazi chake kimeshaumia. Yeye anataka kupimwa damu kwanza, atundikiwe maji, apewe dawa ya maumivu, alazwe aangaliwe mpaka nusu kaputi itoke mwilini. Hiyo ni kazi ya kliniki, na bei yake ni ya kliniki. Bi Mwatime akauliza damu inapimwa kwa nini, akajibiwa. Akauliza maji ni ya nini, akajibiwa. Akauliza kama kuna kitu kimoja hapo kinachoweza kupunguzwa na Nunu akabaki salama. Daktari akafikiri kwa haki kabisa, akasema hakuna.

Basi akarudi mtaani na bei yake, na mtaa ukaipokea kama msiba. Hela za mbuzi wawili, kwa paka? Na wale waliokuwa na zamu zao wakaja juu: posa zetu je? Maneno yakapanda, yakashuka, mpaka jirani mmoja, sitamtaja maana wajukuu zake ni watu wazuri, akasema pale pale penye foleni ya bomba, kwa sauti ya kusikika, kwamba Bi Mwatime hakujaaliwa, sasa anatafuta mwenzake.

Foleni nzima ikamgeukia. Neno hilo lilimchoma, nisiwafiche. Lilimchoma mahali ambapo alidhani pameshaota sugu. Lakini hakutua ndoo yake. Akasema, "Kweli. Natafuta mwenzangu. Mimi sikuzaa, na niko hai, nawapimieni mchele mnaokula. Na yeye ataishi." Kisha akateka maji, akajitwika, akaondoka hajainamisha shingo hata kidogo. Kila aliyeleta posa akarudishiwa posa yake, sukari kwa sukari, sabuni kwa sabuni.

Aliyebaki ni Mzee Shemweta. Bi Mwatime alimpelekea kanga zake zimekunjwa vizuri. Alikuwa na akiba ya kuezekea chumba cha uani, ilitosha nusu ya bei ya kliniki, na nusu nyingine hakujua itatoka wapi. Hakumwambia Mzee neno hilo, angemwambiaje bahili? Mzee akazitazama kanga, akalitazama ghala lake ambalo Nunu alilisafisha mwaka ule panya walipokuwa wakila hata kamba za magunia. Akasema kanga hazipokei, zirudi nyumbani kwa Bi Mwatime. Kesho yake Bi Mwatime alipokwenda kliniki kuomba alipe kidogokidogo, akaambiwa nusu imeshalipwa na mzee mmoja aliyehesabu noti mara tatu kabla ya kuziachia.

Siku ikapangwa. Daktari akaonya: asile kitu tangu jioni ya kuamkia siku hiyo. Sasa sikieni watu wa Magunia walichofanya. Kwao, mtu akienda hospitali kupasuliwa, jirani anakwenda kumuaga, na hamuagi mtu mikono mitupu. Walewale waliomsema Bi Mwatime wakaona haya, wakaja kumuaga Nunu. Huyu kaja na dagaa, yule na kichwa cha changu, na Bi Mwatime mwenyewe, aliyesikia onyo kwa masikio yake, alipoona paka anamtazama, roho ikamshinda akammiminia maziwa. Asubuhi, kule kliniki, Daktari Nasra akalipapasa tumbo lile, akamtazama Bi Mwatime na waliomsindikiza. Akawaambia paka akilala nusu kaputi na tumbo limejaa atatapika, chakula kitaingia mapafuni, na hapo yeye hana dawa. Akawarudisha nyumbani.

Bi Mwatime alilia njia nzima, kwa hasira ya kujua kwamba mkono wake mwenyewe ulikaribia kumuua Nunu wake. Na alijijua: akitazamwa tena vile, atatoa tena.

Hapo ndipo akatokea Fundi Kombo, mshona nguo wa mtaani hapo. Kombo alikuwa mtu wa kula. Chungu kikifunuliwa popote Magunia, cherehani yake husimama. Akasema mpeni yeye paka. Safari hii ilipofika jioni ya kufunga, akamchukua Nunu, akajifungia naye chumbani, mlango komeo, dirisha komeo. Na kwa kuwa harufu ya chakula ingemtesa mnyama, naye Kombo hakula. Waliobisha hodi na dagaa walijibiwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Kulipokucha akatoka na kikapu, macho yamemwingia ndani, tumbo linanguruma barabara nzima. Daktari akapapasa, akatikisa kichwa kukubali.

Nunu akapasuliwa, akalazwa, akaamka. Bi Mwatime alikuwa pale alipofumbua macho, akamwita, na sikio lile lililochanika likacheza. Lakini kuutazama mshono hakuweza, aligeuza uso. Ni Kombo aliyeuangalia kila siku, ni Kombo aliyemlisha dawa akaparurwa mpaka viwikoni. Kola ya plastiki Nunu aliikataa katakata, ikambidi Kombo amshonee fulana ya kanga yenye matundu manne ya miguu, ili asiulambe mshono. Nyuzi zilipotolewa, kovu lilikuwa safi. Nunu akarudi kazini, amenenepa kidogo, na panya wakarudi kwenye adabu yao.

Watu wakaanza kumfuata Daktari Nasra na paka wao vikapuni, wakitaja jina la Nunu mlangoni. Daktari akafurahi, akaita mchoraji, amchore Nunu kwenye ukuta wa kliniki unaotazama barabara kuu. Mchoraji akachora, sikio lililochanika na yote. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa NUNU WA, kisha akasimama, maana nafasi iliyobaki kabla ya dirisha ilikuwa ya jina moja. Mtu akapendekeza iandikwe Magunia. Bi Mwatime, Mzee Shemweta na Fundi Kombo, waliokuja kutazama, wakakataa kwa mpigo: Magunia iliyomcheka paka ikamshindilia dagaa?

Mzee Shemweta akasema, "Katika maisha yangu sikupata kutoa kitu kisichorudi. Nilipoteza mtoto wa posa, nikalipa, na sikumwambia mtu. Bila mimi asingefika mezani. Niandikeni, nife nikijulikana kwa jambo moja jema."

Fundi Kombo akasema, "Pesa ilikuwapo hata siku ile ya kwanza, na angekufa nayo. Nilishinda njaa naye, nikalinda mshono mpaka ukafunga. Makovu yake haya hapa mikononi mwangu. Niandikeni mimi."

Bi Mwatime akawatazama wote wawili. Alimwazia mwenye nusu ya pesa, akaona anasema kweli. Akamwazia mwenye mikono iliyoparurwa, akaona anasema kweli. Akayakumbuka maziwa yake. Kisha kichwa kikainuka kama kawaida yake.

"Mimi nilimtoa mtaroni," akasema, "na mimi ndiye niliyesema apasuliwe, nikatukanwa bombani, na sikurudi nyuma. Nyinyi mna watoto, majina yenu yatabaki midomoni mwa watu. Langu litabaki wapi?"

Mchoraji akamtazama Daktari. Daktari akautazama ukuta. Na Nunu, mwenye ukuta wake, alikuwa amelala juu ya gunia la Shemweta, mlangoni kwa Mwatime, amevaa fulana ya Kombo aliyokataa kuvuliwa.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu, msinitazame mimi. Brashi imeinuliwa, rangi inakauka. Je, pale ukutani paandikwe Nunu wa nani?