Moto wa Adhra na Sheria za Miji Miwili

Hapo kale alitawala Sultani Mundhiri bin Ghasani, na chini yake ilikuwako miji miwili iliyopakana, Zaharani na Kijumbani, na kila mji aliuachia sheria zake, hata za mashimo ya moto yachimbwayo uani. Zaharani ilipoungua nusu yake, wakaharimisha moto wowote wa uani. Kijumbani waliuruhusu, kwa sharti shimo lizungushiwe mawe na liwe mbali na makuti kwa hatua kumi kamili.

Mpaka wa miji hiyo ulipita katikati ya ua wa Adhra binti Khatibu, na shimo lake la moto lilikuwa upande wa Zaharani. Ndani ya makaa ya shimo hilo aliishi jini Dahmani, aliyekuwa mtumishi wa marehemu mama yake, Bi Zaina, na kila Ijumaa alasiri jini aliufanya moshi uwe umbo la Bi Zaina akigeuza mikate ya ufuta, na Adhra akaketi mkekani akitazama, akajiona ana miaka saba tena. Makaa yakizimika, jini angerudi Jabali Kafu, mlima wa majini, na mama asingeonekana tena.

Ijumaa moja akaja mkaguzi wa Zaharani, Ghalibu bin Nuhu, na ndoo ya maji mkononi.

"Bi Adhra, nimeamriwa kuuzima, na naona haya."

"Haya yako hainiokoi, bwana. Nipe hadi adhana ya magharibi niuhamishie upande wa Kijumbani."

"Huko kuna jiko lako la makuti."

"Najua. Nimepima mara kumi na nne. Kutoka jikoni hadi ukuta wa ua ni hatua tisa, na sheria yataka kumi."

Jini akachomoza kichwa. "Lahaula! Mimi niliyebeba majumba ya wafalme, leo natafutiwa nafasi kama mbuzi! Pimeni kwa hatua ndogo!"

"Hatua ni hatua," akasema Ghalibu.

"Wewe ulizaliwa, au uliandikwa na karani?"

"Dahmani, huwezi kulisogeza jiko?" akauliza Adhra.

"Tangu afe mama yako, binti yangu, nguvu zangu zimebaki moshi tu."

Adhra akaingia jikoni. Lilikuwa makuti matupu, kuta na paa, na mumo humo mama alimfundisha kukanda unga, na boriti zilikuwa zikinuka iliki na masizi ya miaka thelathini. Akaigusa boriti moja. Kisha akafungua kamba ya kuti la kwanza.

Ghalibu akaweka ndoo chini, akakunja mikono ya kanzu, na wakalibomoa pamoja. Wakachimba shimo upande wa Kijumbani, wakapanga mawe, na kabla ya adhana Adhra akavusha makaa kwa koleo. Moshi ukapanda, na Bi Zaina akatokea akipuliza vidole vilivyoungua, na Adhra akacheka huku analia.

Habari zikamfikia Sultani, naye akamwita Adhra aiandikie miji yote miwili sheria moja ya moto, akamtunuku dhahabu na joho la hariri. Ghalibu akapeleka posa, ikakubaliwa, na mikate ya arusi ikachomwa pale pale uani.

Naye aliyeisikia hekaya hii na ajue kuwa si kila cha marehemu kitahifadhika, na mwenye kuchagua mapema huchagua mwenyewe. Lakini wapo wasemao kwamba humwona Adhra, kila avukapo ua, akiinama kidogo mahali pamoja patupu, kwa kuwa mlango wa jiko la mama yake ulikuwa mfupi.