Kiboko na Miche ya Manemane

Ngano yangu inabisha hodi!

— Ikaribie, tumeketi!

Niimwage au niimeze?

— Imwage tuiokote!

Basi hapo kale, kale ya kale, alikuwako Kiboko mmoja, akiishi peke yake kando ya mto. Mwili wake mkubwa, roho yake laini. Akisikia kinda la ndege linalia, naye analia.

Siku moja akapata jirani. Alikuwa Digidigi, mnyama mdogo mwenye miguu kama vijiti. Ametoka mbali, nchi ya jangwa, ukame umemfukuza kwao. Alikuja na miche mitatu ya manemane, vile vichaka vya jangwani vyenye miiba na utomvu unaonukia. Akaipanda uani kwake, mahali penye kokoto na jua kali.

"Kaka Kiboko," akasema, "narudi kumchukua mama. Hana meno tena, na tumbo lake halikubali majani mengine ila haya. Niangalizie miche yangu. Lakini tafadhali, usiimwagilie maji. Mvua itaitosha."

"Nenda salama, dada. Nitailea kama wanangu."

Digidigi akaenda zake. Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikamwuma, akakimbia kujitosa mtoni. Alipotoka akaitazama miche, akaionea huruma.

"Mimi nina mto. Hii maskini ina nini? Dada ni mwema, lakini kwa hili amekosea."

Akajaza maji kinywani, akaumwagilia mche wa kwanza. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Majani yakawa manjano.

"Kumbe bado una kiu!" Akaongeza maji. Mche ukalainika shina, ukalala chini, ukaoza.

Kiboko akalia sana. Kisha akasema, "Labda ni hizi kokoto, zinauchoma." Akaung'oa mche wa pili, akaupeleka kwenye tope jeusi la mtoni, tope lile lile analolipenda kulalia mwenyewe. Mizizi ikaoza, nao ukafa.

Ukabaki mmoja. Kiboko akauendea, mashavu yamejaa maji. Akausimamia. Ndipo maneno ya Digidigi yakamrudia: usiimwagilie. Akayameza maji yote, gubu! Akaenda kukaa mbali.

Kiangazi kikazidi. Mche ukapukutisha jani, ukapukutisha jani, hata ukabaki kama fimbo.

"Nimeimaliza yote," Kiboko akalia.

Kanga alikuwa akipita, akamwambia, "Unalia nini? Sema nzige walipita. Nani atajua?"

Papo hapo Digidigi akarudi na mama yake, bibi kizee wa macho hafifu, akitembea kwa kuegemea ubavu wa mwanawe.

"Kaka, miche yangu iko wapi?"

Kanga akamkonyeza. Kiboko akafungua kinywa aseme nzige. Akamwona yule bibi anavyotetemeka kwa uchovu. Nzige hawakutoka.

"Dada, ni mimi. Wa kwanza niliuzamisha kwa maji. Wa pili niliuzika topeni. Wa tatu sikuugusa, na umekufa vile vile."

"Lakini nilikuambia, kaka!"

"Uliniambia. Nilidhani miche ina kiu kama mimi."

Digidigi akageuka upande, akalia. "Sasa mama atakula nini?"

Bibi akajikongoja hadi kwenye ile fimbo. Akanusa. Akakwangua gome kwa ukwato, taratibu. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi.

"Nyamazeni nyote wawili," akasema. "Huu haujafa, umelala. Kwetu ndivyo ulivyo, kiangazi unavua majani, mvua ikija unavaa. Nami nina majani makavu ya safarini. Nitakula kidogo kidogo."

Kanga akaona aibu, akajipenyeza nyasini. Hata leo ukimkaribia, mbio nyasini.

Mvua ikaja, mche ukavaa majani. Digidigi akakata matawi, akayaweka kivulini mpaka pale palipokatwa pakauke. Kiboko akasomba mchanga na kokoto kwa kinywa chake kipana, akaenda akarudi, akaenda akarudi. Wakayapanda pamoja, yawe miche mipya.

"Sasa inataka nini?" Kiboko akauliza.

"Haitaki kitu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Kaa hapo, kaka. Ufukuze mbuzi."

Kiboko akakaa. Mbuzi walipomwona, waligeuza njia. Na yule bibi, kila asubuhi, alichuma majani machanga akatafuna kwa ufizi, huku akimsimulia Kiboko habari za nchi isiyo na mto.

Wenzangu, ngano hii inatufunza hivi: ukitaka kumtunza mwenzio, kwanza muulize anahitaji nini, usimpimie kwa kiu yako. Na ukikosea, useme.

Hapo ndipo nilipofika. Aliyeipenda akamsimulie jirani, asiyeipenda na atunge yake.