Ndiva Isiyo na Jina

Sikilizeni hadi mwisho, kwa sababu mwishoni nitawauliza ninyi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare waliishi watu watatu. Eliesikia alikuwa mpiga pembe wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Akipuliza mara tatu, watu wa zamu walitoka na majembe. Akipuliza mara mbili, kijiji kizima kilijua kuna msiba. Nakijwa aliongoza kundi la wanawake waimbaji, wala hakuna wimbo wa zamani aliousahau. Kadeghe alikuwa mkuu wa chama cha kuzikana. Alijua kuchimba shimo refu kwenye udongo wa tope, kingo zisiporomoke.

Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa walilochimba mababu ili kukusanya maji ya mashamba. Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Tope likaziba mlango wa ndiva, na asubuhi ya siku ya kumi ukuta ukaanza kupasuka. Chini yake zilikuwepo nyumba thelathini na moja.

Eliesikia aliuona ufa. Akapuliza pembe mara moja, mara mbili. Ya tatu haikutoka, kwa kuwa nyuki alikuwa amemuuma mdomoni jana yake. Kama ingetoka, wangekuja watu wa zamu tu, nao walikuwa ishirini. Kwa mbiu ya msiba walikuja wote, hata wa ng'ambo ya bonde, na wachimba kaburi walikuja na majembe na mbao zao.

"Shemeji, tumefika," alisema Kadeghe. "Marehemu ni nani?"

"Hakuna. Ni mdomo huu umevimba."

"Basi jilaze wewe, tusirudi bure."

Waliocheka walipouona ukuta walikimbilia majembe.

Watu wakaanza kurundika udongo kwenye ufa. Nakijwa akawazuia. "Wimbo wa bibi zetu wa kubebea mawe unataja mlango wa pili, uliozibwa. Hatua kumi na mbili kutoka jiwe jeusi, kuelekea machweo."

"Mama, tuchimbe kwa kufuata wimbo?" akauliza mmoja wao.

"Una kingine cha kufuata?"

Wanawake wakaimba. Nakijwa akatembea kutoka jiwe jeusi kwa mapigo ya wimbo, na ulipokwisha akasimama. "Hapa."

Kadeghe na wenzake wanne walichimba kina cha mtu na nusu, wakizuia kingo kwa mbao za kaburi. Wakalikuta jiwe la kuzibia. "Tokeni," Kadeghe akawaambia. "Hapa anatosha mmoja." Akaling'oa kwa mtaimbo. Maji yakapata njia, ukuta ukasimama, na hakuna nyumba iliyobebwa. Kadeghe hakutoka.

Watu walipotaka mbiu ya msiba ipigwe, Eliesikia aliiweka pembe chini.

"Ya huyu nimeshaipiga," alisema. Hakuishika tena maisha yake yote.

Miaka imepita. Watoto wa darasa la nne wanajifunza historia ya kijiji hicho, na wameruhusiwa kuchonga jina kwenye lile jiwe jeusi. Kwa desturi ya pale, ndiva huitwa kwa jina la mtu mmoja tu.

"Bila pembe, nani angekuja?" aliuliza mmoja.

"Lakini alikosea," akajibiwa. "Nakijwa hakukosea."

"Nakijwa alikumbuka tu. Wimbo aliutunga yeye?"

"Na ninyi mngeukumbuka?"

Kisha akasimama Namkunda, kitukuu wa Kadeghe. Wote walidhani atamtetea babu yake. "Mke wa Kadeghe aliacha neno nyumbani kwetu," alisema. "Asipewe jina kwa sababu alikufa. Akipewa, iwe kwa kazi aliyoifanya."

Hadi leo jiwe bado halijachongwa. Watakaozaliwa baadaye watalijua jina moja, lile watakalolisoma pale wakienda kuchota maji.

Haya, patasi hii hapa. Wewe unachonga jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?