Matundu Chini ya Kigari cha Togolani

Siku ile kiwanjani walikuwapo watu wanne, nami nitawataja mmoja mmoja, kwa sababu mfano usio na majina husahaulika kabla sadaka haijakusanywa. Alikuwapo Mzee Nahumu Mshana, Mpare wa Usangi, fundi mstaafu wa karakana. Alikuwapo binti yake, Nakiete. Alikuwapo mume wa Nakiete, Kastori Komba, Mmatengo wa Mbinga. Ni Kastori, si Kastro kama wengi wanavyomwita. Na alikuwapo Aikaeli Urio, Mchaga wa Machame, mwenye duka la spea za pikipiki. Wa tano, ambaye wote walikuja kwa ajili yake, hakuwapo. Huyo ni Togolani Mshana, mwana wa pekee wa kiume wa Mzee Nahumu, aliyefariki kwa homa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo.

Togolani aliacha kigari. Sisemi gari la kupanda. Ni kigari cha mashindano, urefu wake toka kiwiko changu hadi ncha ya vidole, chenye mota, betri na matairi yenye meno, nacho huendeshwa kwa rimoti na mtu aliyesimama pembeni. Yeye na Aikaeli walikuwa wakivishindanisha vigari vyao kila Jumamosi kwenye udongo mwekundu nyuma ya kinu cha kahawa. Togolani alipofariki, baba yake alikichukua kigari akakiweka kabatini, nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya harusi. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, alikitoa, akakizungusha kiwanja mara moja tu, akakifuta vumbi, akakirudisha. Hakupata kulegeza hata skrubu moja. Kilivyoachwa ndivyo kilivyokaa.

Mwaka ule kigari kilipanda tuta, kikaruka, kikatua vibaya. Gurudumu la nyuma likalala. Ule mkono mwembamba unaolishika, ambao mafundi huuita wishboni, ulikuwa umekatika.

Aikaeli alikiinua, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba wishboni za toleo lile la zamani hazitengenezwi tena, hata ukizitafuta ng'ambo huzipati. Kisha, kwa kuwa Mchaga hawezi kumwacha Mpare akahuzunika kwa amani, akasema labda mzee alifungulie kesi lile tuta, maana kwao Upareni watu huuza ng'ombe ili kudai kuku mahakamani. Nakiete alicheka kidogo. Mzee hakucheka.

Hapo Kastori akachuchumaa mbele ya mkwewe, macho chini kama adabu inavyotaka, akatoa mfukoni kifurushi. Ndani yake kulikuwa na wishboni mbili za toleo jipya, na kishikio chake.

"Baba," alisema, "nilikiona kina ufa tangu mwaka jana. Niliviagiza hivi. Nimekaa navyo tangu Krismasi, nikakosa njia ya kukuambia."

"Kwa hiyo, Komba, umekaa tangu Krismasi ukisubiri kivunjike."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno mzee alilompa mkwewe. Tangu Kastori alipomwoa Nakiete, mzee hakupata kumwita ila kwa jina la ukoo, kama mwalimu anavyoita mtoro. Alikuwa Mkatoliki, alikuwa wa mbali, lakini hayo yangesameheka. Kosa lake kubwa ni kwamba alikuja baada ya msiba, akaketi kwenye kiti ambacho kilikuwa cha mtu.

Nakiete akamwomba baba yake akubali. Ni spea tu, alisema. Mzee Nahumu akakikumbatia kigari kifuani pamoja na udongo wake, na yale aliyokuwa ameyafungia moyoni yakatoka.

"Leo mkono. Kesho mota. Keshokutwa hili bamba la chini. Siku moja nitaamka nimeshika kigari cha Komba, na mwanangu yuko jalalani."

Mmeelewa alichokuwa akikiogopa? Hakuwa akilinda chuma. Alikuwa amemzika Togolani mara moja, na hakuwa na nguvu ya kumzika kipande kipande.

Aikaeli, akidhani anasaidia, akasema basi ubishi wenyewe ni wa bure, kwa sababu kishikio cha toleo jipya ni kipana zaidi. Hakitakaa pale bila bamba kutobolewa matundu mawili mengine. Mzee akasema hakuna mkono wa mtu utakaotoboa kitu cha mwanawe. Kastori akakubali. Akaomba jambo moja tu, auondoe ule mkono uliovunjika na kishikio chake, kigari kisiendelee kuraruka njiani wakirudi nyumbani. Mzee alimpa.

Kastori alikigeuza, akafungua skrubu kwa bisibisi ndogo. Kishikio cha zamani kikatoka pamoja na donge la udongo mkavu. Akapuliza. Kisha akaganda, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutwa chumbani kwa watu.

"Baba," alisema polepole, "Mungu ni shahidi, mimi sijatoboa."

Chini ya kishikio, kwenye bamba, kulikuwa na matundu mawili ambayo hayakushika kitu. Kiwanda hakikuyatoboa, kwa maana kila tundu lilizungukwa na alama iliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari, mistari miwili iliyokatana, na mmoja umevutwa mrefu kuelekea mbele ya kigari.

Mzee Nahumu alivaa miwani. Akaupitisha ukucha wake juu ya ile mistari. Kule karakanani, yeye ndiye aliyekuwa akiweka alama hivyo kabla ya kushika keekee ya kutobolea, ili ncha isiteleze, na akiuvuta mstari mmoja ili bamba lisigeuzwe mbele nyuma. Wenzake walimcheka kwa hilo. Alimfundisha mtu mmoja tu.

"Hii ni kazi ya Togolani," alisema.

Kastori akaweka kishikio kipya. Kikakaa. Skrubu zikaingia matunduni kama zilikuwa zikingojewa.

Hapo Aikaeli akavua kofia. Alisimulia kwamba kigari chake cha toleo jipya kilipofika, Togolani alimjia alasiri moja na rula, akakilaza chali, akakipima tumbo. Aikaeli alimtania kwamba Mpare akikosa kununua hupima. Togolani akamjibu kwamba anaandaa mahali, spea akija kuzipata asihangaike. Haikuchukua muda akalazwa.

Mzee Nahumu akaketi palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisani. Nakiete akamkimbilia akidhani anaanguka. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mlangoni pa nyumba yake. Miaka yote hiyo alikuwa akimlinda mwanawe dhidi ya jambo ambalo mwanawe mwenyewe aliliandalia nafasi.

"Kastori," alisema, "mwanangu, kaza na upande wa pili."

Kilipokwisha kufungwa, akampa rimoti. Kigari kikapanda lile tuta, kikaruka, kikatua vizuri kwa magurudumu yote manne. Wakakizungusha mpaka betri ikaisha.

Sasa najua baadhi yenu mmekwisha kukimbilia lile fungu la kiraka kipya juu ya nguo kuukuu. Ngojeni. Wala sitahubiri juu ya zile alama mbili za mistari iliyokatana kama msalaba, zilikuwa alama za fundi. Nawauliza hili tu: waliotutangulia walituachia nini, nasi tunakilinda dhidi ya nani? Tunamwambia mjane asiolewe, tukidai marehemu hangependa. Je, tulimuuliza marehemu? Tunawafungia vijana mlango wa kwaya, tukisema wazee waliojenga kanisa hili hawakuimba hivyo. Lakini wazee hao hao walijenga ukuta wa mashariki bila kuumaliza, wakaacha matofali yamechomoza, ili atakayekuja aungie hapo. Tumepita mbele ya matofali hayo maisha yetu yote, tukidhani ni kazi mbaya.

Sisi tunafuta vumbi juu, hatugeuzi chini. Na katika nyumba zetu yupo mtu aliyechuchumaa na kifurushi mkononi, amekosa njia ya kutuambia. Tukitoka hapa twende kwake, tumwite jina lake. Tusingoje mwaka uzunguke.

Mzee Nahumu Mshana alifariki Jumatano ya juma hili, asubuhi.