Mshenga Aliyeisifu Simu

Wapendwa, bwana mmoja alinunua simu mpya ya kupangusa, ile yenye ramani ya setilaiti na sauti ya dada inayokuelekeza njia. Wiki hiyohiyo akateuliwa kuwa mshenga. Akasema moyoni, safari ya posa ndiyo nitakayoipimia simu yangu!

Wakaondoka kwa msafara. Desturi mnaijua: mshenga hutangulia, na hakuna wa kumpita. Kijana anayeposa alikuwa kwenye gari la nyuma, roho juu, maana wazee wa binti walishasema, "Jua likizama hamjafika, tutajua hammtaki mtoto wetu."

Dada wa kwenye simu akasema, "Kwenye njia panda, pinda kulia."

"Mmesikia matamshi hayo?" mshenga akashangilia. "Na kioo kinavyong'aa!" Akanyoosha moja kwa moja.

"Mshenga, si amesema kulia?" akauliza shangazi wa kijana, aliyeketi kando yake.

"Nimemsikia, shangazi. Ngoja nione kama atagundua tumekosea."

"Geuza gari," dada akasema.

"Amegundua! Simu hii haina mpinzani!" Akaupiga usukani kwa furaha, akakanyaga mafuta. Na magari yote, kwa heshima, yakamfuata mpaka njia ikaishia kwenye zizi la ng'ombe.

Hapo shangazi akampokonya simu. "Sasa tunafanya anachosema!" Wakarudi, wakapinda walipoambiwa wapinde, wakaingia uani jua likiwa limebaki kidogo tu. Vigelegele! Kijana aliruka nje gari halijasimama vizuri.

Bibi wa binti akauliza, "Mshenga, mbona nusura tufunge mlango?"

"Bibi, acha nikuonyeshe simu inayoijua njia ya kwenu!"

"Kumbe iliijua?" bibi akasema. "Basi wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nacheka. Lakini sisi, ibada ikiisha, si tunashikana mikono pale mlangoni, "Mchungaji, leo Neno limeshuka! Kwaya imetisha!" Halafu njia panda ya kwanza tu, kwa yule ndugu tusiyesalimiana naye, Neno linasema pinda, sisi tunanyoosha. Tumelisikia vizuri kabisa, tena tumelisifu!

Leo msinisifu mlangoni. Ndugu yangu, jua lako halijazama, na kuna nyumba inakungoja kwa vigelegele. Umeshaambiwa njia. Pinda.