Stamena Asiyekaa na Moshi wa Mia

Simameni kwanza. Habari hii haisikilizwi kwa kukaa, na wewe Gancho uliyeegemea ukuta, uache, huo ukuta umesimama miaka mingi bila msaada wako. Mimi Bibi yenu Zlatka magoti yananiuma tangu asubuhi na bado nimesimama, kwa hiyo msiniletee hadithi za miguu.

Zamani za mababu, kabla ya barabara, kabla mlima huu haujaitwa Dimovrah, yaani Kilele cha Moshi, alikuwako Stamena binti Voyno, Voyno mwana wa Radan, yule Radan aliyevunja barafu ya mto kwa kisigino ili ng'ombe wapate kunywa. Ndiye Stamena Asiyekaa, Stamena mwenye miguu ya chuma, aliyewatoa wazee wetu bondeni vita vilipowaunguzia mashamba akawapandisha hapa ambapo hapakuwa na mtu aliyepataka. Siku tisa alitembea akiburura fimbo yake ardhini, na kila ilipopita fimbo ndipo ulipo mpaka wetu hata leo: kaskazini majabali yanakotoka upepo, kusini mto Lednitsa, mashariki msitu, na magharibi yale malisho ya mawe ambayo ninyi mnayagombania kila mwaka kana kwamba yana majani. Juu ya migongo mitatu ya mlima zikajengwa nyumba mia moja, zikiwa zimetawanyika, maana udongo wa kulimika ulikuwa kiganja hapa na kiganja kule.

Baba yake alimwachia kigoda cha miguu mitatu, na hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Alikula amesimama. Alisokota sufu akitembea. Watu walimcheka wakisema binti Voyno amekanyaga siafu tumboni mwa mama yake, naye aliwaacha wacheke, akapita zake kukagua paa la mjane fulani au kisima kilichoziba.

Kisha zikaja baridi tatu mfululizo na nafaka haikuiva. Kaya arobaini zilifunga milango zikashuka bondeni kutafuta chakula, na wa kwanza kushuka alikuwa Gergin mhunzi, ndugu yake Stamena wa tumbo moja. Jambo hilo lilimuuma Stamena kuliko njaa. Kila jioni alipita nyumba hizo arobaini akigusa milango, moja baada ya moja, kisha akarudi kwake.

Katikati ya theluji ya baridi ya tatu akapanda Mhesabu wa Mtawala, mkononi ana kamba ya kufungia mafundo. Akasimama juu ya jiwe ambalo kutoka hapo migongo yote mitatu huonekana, akatangaza: "Mji ni nyumba mia zinazofuka moshi siku tatu. Zikipungua hata moja, huu si mji. Watu watashuka kulima mashamba ya Mtawala, na mlima utakuwa wa kondoo wake, pamoja na mto na makaburi. Nitahesabu siku ya tatu, saa ya adhuhuri."

Wazee wetu wakainamisha vichwa, kwa maana nyumba zenye watu zilikuwa sitini. Stamena akawaambia: "Kila mtu alinde moto wake. Hizo arobaini niachieni mimi."

Basi akaanza kwenda. Mgongo hadi mgongo, theluji imemfika kiunoni, mzigo wa kuni begani, anawasha hapa, anapuliza kule, na akifika nyumba ya mwisho ile ya kwanza imekwisha kuzimika. Msitu ulikuwa umefungwa na theluji na kuni za ghalani zikaisha siku hiyohiyo, ndipo akaanza kuichoma nyumba yake mwenyewe. Aliubeba uzio. Akabeba mlango, akabeba kitanda, na siku ya pili akapanda juu akabomoa boriti za paa, akazigawa jiko kwa jiko. Mimi nikifika hapa kila mara huwa nataka kumwambia pumzika, mama, lakini angepumzika mimi na ninyi tusingezaliwa hapa.

Ila moshi hauonekani na mtu mmoja tu. Huko bondeni wale waliohama waliinua macho wakaona dohani zao zinafuka, na hakuna aliyeweza kutulia tena. Wakaukwea mlima usiku na mchana, na asubuhi ya siku ya tatu Gergin mhunzi akaingia kwake akihema, mzigo wa kuni mgongoni.

"Nani amewasha moto nyumbani kwangu?" akauliza.

"Mimi," Stamena akajibu. "Na umechelewa. Puliza."

Adhuhuri Mhesabu akasimama juu ya jiwe, akafunga fundo baada ya fundo, na lilipofungwa la tisini na tisa mkono wake ukakoma. "Imepungua moja," akasema.

Watu wakatazamana, kisha wakaitazama nyumba ya Stamena. Zilikuwa zimebaki kuta nne tu na jiko lililojaa theluji.

Stamena akaingia ndani. Akafukua jiko kwa mikono, akavunja kigoda cha baba yake, akavunja na ile fimbo ya mpaka, akawasha. Mhesabu akapaza sauti: "Nyumba isiyo na paa si nyumba!"

"Umetumwa kuhesabu moshi," Stamena akamjibu. "Hukutumwa kuhesabu mapaa."

Moshi ukapanda wima katikati ya zile kuta, na Mhesabu, akiwa mbele ya watu wote, akafunga fundo la mia. Watu wakamkimbilia Stamena kumbeba, wakamkuta amekaa. Amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kuelekea motoni. Gergin alimwita mara mbili, kisha akavua kofia.

Kuta zile hazijawekwa paa mpaka leo, na jiko ni lile lile mnalolijua. Kesho wanakuja wahesabu wa serikali na makaratasi yao, na vijana wetu wako mijini na ng'ambo, hilo sitalificha. Wakikuulizeni tuko nyumba ngapi, waambieni arobaini na mbili. Wakisema wameona arobaini na moja, wapelekeni wakauone moshi wa ile nyingine, nimekwisha kupeleka kuni.

Sasa kaeni.