Gunia la Kupaza

"Wivu huona gunia likifungwa, hauoni likifunguliwa." Shangazi yenu ameisema mchana huu, nanyi mmekuja kuniuliza ni gunia gani hilo. Kaeni. Asili ya methali hii ni kama ifuatavyo.

Hapa Lushoto walikuwapo majirani wawili, Kupaza na Shemhilu. Kila mmoja alikuwa na gari la kizamani la aina moja, lenye boneti ndefu, na yote mawili yalikodishwa kubeba maharusi. Lakini asubuhi za baridi, gari la Kupaza lilikohoa njia nzima likiteremka mlima, na watu wakacheka kuwa lina kifua. La Shemhilu lilinguruma taratibu, mshale wake wa joto ukiwa katikati. Basi maharusi wakawa wa Shemhilu.

Kupaza hakulala vizuri. Kila alfajiri alisimama kwenye dirisha la jikoni akimchungulia jirani yake, na kila alfajiri alimwona akifunga kipande cha gunia mbele ya rejeta. "Kumbe siri ni hiyo," akasema moyoni. Baada ya hapo hakutazama tena, maana kuliona gari lile likiondoka kulimuuma.

Ikafika harusi ya Zaina, binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi Mombo, chini ya mlima, na sasa anaolewa huku Lushoto. Hata dada yake mwenyewe alikuwa amemchagua Shemhilu. Kupaza akaenda kumlilia mpaka akakubaliwa: yeye ambebe bibi harusi, Shemhilu awabebe shangazi.

Asubuhi hiyo Kupaza naye akafunga gunia. Gari likateremka bila kukohoa hata kidogo, naye akaimba njia nzima. Walipofika Mombo, Shemhilu alifungua boneti yake na kuinama. Kupaza alimpa mgongo. Alikuwa na haraka ya kuweka gari lake mbele ya msafara.

Jua lilikuwa limepanda walipoanza kurudi mlimani. Kabla ya kufika mji mdogo wa Soni, katikati ya mlima, Zaina akainua shela.

"Mjomba, mshale ule umefika kwenye nyekundu."

"Tulia, mwanangu."

"Tusimame kidogo, lipoe."

"Tusimame, Shemhilu atupite?"

Akakanyaga mafuta. Kona ya pili, injini ikagonga, mvuke ukafunika kioo, gari likazima.

Shemhilu akasimama nyuma yao, akamwahi Kupaza aliyekuwa tayari ameshika kifuniko cha rejeta. "Acha! Utaungua uso, bwana!" Kisha akaona gunia.

"Jirani, hili linafanya nini hapa mchana?"

"Si siri yako hiyo? Kila siku nakuona ukilifunga!"

"Nalifunga nikiteremka. Injini haina kazi, na upepo wa baridi unaipoza kupita kiasi. Nikifika Mombo nalitoa, maana kupanda kunaleta joto jingi, na rejeta inataka hewa. Injini haitaki baridi wala haitaki kuchemka. Ina joto lake."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, bwana Kupaza."

Shangazi mmoja akatoa kichwa dirishani. "Makubwa! Jana kifua, leo homa!"

Wakacheka wote isipokuwa Zaina. Alikusanya gauni lake, akaenda kwenye gari la Shemhilu, akashika mlango bila kuingia.

"Mjomba, njoo tubanane. Nani atanishika mkono nikishuka?"

Kupaza alilitazama gari lile. Nafasi ilikuwepo. Shangazi walikwisha kujisogeza.

"Nendeni," akasema. "Gari hilo sipandi."

Wakaenda. Alisikia honi na vigelegele vikipanda kona baada ya kona, na bibi harusi akashikwa mkono na mtu mwingine.

Mimi simhukumu. Wivu ni mgonjwa asiyejua anapoumwa. Wapita njia wa Soni walimkuta amekaa juu ya jiwe, wakamuuliza kilichotokea. Akajibu, "Niliona likifungwa. Sikuona likifunguliwa."

Neno lililobaki, "wivu", waliliongeza wao, walipokwisha kusikia habari yote. Kwa hiyo mtu akikodolea macho mafanikio ya mwenzake, akaiga nusu na kuona haya kuuliza nusu nyingine, huku kwetu humwambia: wivu huona gunia likifungwa, hauoni likifunguliwa.